UZI: Neno "copper" la Kiingereza limetoka wapi, lina maana ngapi, na linawakwamisha wapi watafsiri wa Lubumbashi

Mtafsiri_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Mtu yeyote mjini hapa anayeshika hati za madini hukutana na neno "copper" kila siku. Kwa kuwa tunalijua kama mukuba, kwivre au shaba, wengi hulipita bila kulitazama. Uzi huu ni wa watafsiri, wanafunzi wa lugha pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na makarani wanaotoa maandishi kwenye Kiingereza kuyaleta kwenye Kifaransa au Kiswahili. Neno hili lina maana nyingi, na baadhi hazina madini ndani yake hata chembe. Tena kuna maneno yanayofanana nalo kwa sura tu, wala si ya ukoo wake.

Nianze na asili. Warumi walikuwa na neno moja, aes, walilotumia kwa shaba nyekundu na vilevile kwa shaba iliyochanganywa na bati. Walipotaka kutaja ile nyekundu, waliiita aes Cyprium, yaani aes ya Kipro, kile kisiwa ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa safari ya Paulo na Barnaba. Baadaye aes likaachwa, cyprium likabaki peke yake, na katika Kilatini cha mwisho likawa cuprum. Watu wa jamii ya Kijerumani wakalichukua mapema, na katika Kiingereza cha kale tunalikuta likiandikwa coper karibu na mwaka 1000.

Ukoo wake ni mpana: Kijerumani Kupfer, Kiholanzi koper, Kiswidi koppar, Kifini kupari, Kifaransa cuivre, Kihispania na Kireno cobre. Mkemia wa Uswidi, Berzelius, alipopanga alama za elementi mwanzoni mwa karne ya 19, alichukua herufi mbili za cuprum. Ndiyo maana mfuko wa sampuli unaotoka maabara huandikwa Cu, wala si Co, ambayo ni ya kobalti. Alama hizo mbili zikibadilishana nafasi kwenye hati, bei ya mzigo mzima inakuwa ya uongo.

Waitaliano hawamo katika ukoo huu. Wao husema rame, kutoka aeramen, mtoto wa aes yenyewe. Waromania nao wana aramă.

Ulizeni, tujibizane. Nitarudi na maana za mitaani.

Fundi_wa_Tanuru

Aksanti kwa kufungua uzi huu. Naongeza upande wa madini wenyewe, kwa sababu wengi hudhani kisiwa ndicho kilichopewa jina la shaba. Mambo ni kinyume. Kisiwa kiliitwa Kypros na Wagiriki, ilhali Wagiriki hao waliita shaba khalkos. Kama kisiwa kingepata jina kutokana na shaba, tungetarajia jina lenye khalkos ndani yake. Neno hilo la Kigiriki halikupotea: limo ndani ya "chalcopyrite" na "chalcocite", madini mawili ya shaba ambayo mhandisi yeyote wa migodi ya Kolwezi anayajua.

Na kwa nini Kipro? Kwa sababu kilikuwa Katanga ya Bahari ya Kati, penye shaba nyingi. Barua za Amarna za karne ya 14 KK zinataja shaba iliyopelekwa Misri kutoka nchi ya Alashiya, ambayo wataalamu wengi wanaitambua kuwa Kipro. Mwaka 1982 mpiga mbizi aligundua mabaki ya merikebu ya karne hiyohiyo pale Uluburun, pwani ya Uturuki. Ilikuwa imebeba takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati. Kumi kwa moja: ndio uwiano wa kutengeneza shaba ngumu ya silaha. Vipimo vya chembe za madini ya risasi zilizomo ndani ya shaba hiyo vilionyesha kwamba imetoka Kipro.

Sura ya vipande vile itawagusa watu wa kwetu. Vingi vina pembe nne zilizochomoza kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, kila kimoja kikiwa na kilo zipatazo 24. Wazee wetu wa Katanga nao walimwaga mukuba katika sura ya msalaba, ile tunayoiita krwazeti, ikawa mali ya kubadilishana karne nyingi kabla ya Wabelgiji kufika. Mahali ambapo shaba inasafiri mbali, watu huipa umbo linalotambulika.

Jambo moja zaidi. Huko Kipro kuna mgodi uitwao Skouriotissa. Ndani ya jina hilo mna neno la Kigiriki skouria, yaani mavi ya shaba, yale mabaki meusi yanayotoka tanuruni. Sisi tulio na terili, kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, katikati ya mji hatuhitaji kuelezwa.

Yaya_Ruashi

Nauliza kama mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Wanafunzi wanakutana na sentensi "He was stopped by two coppers". Mmoja alitafsiri "alisimamishwa na shaba mbili". Nimesoma mahali kwamba polisi wa Uingereza waliitwa hivyo kwa vifungo vya shaba kwenye koti. Ni kweli?

Mtafsiri_Kamalondo

Yaya, hadithi ya vifungo imeenea sana lakini haina mguu wa kusimama. Hiyo "copper" ni neno jingine kabisa, limegongana na la madini kwa sauti tu. Kulikuwa na kitenzi "cop", cha lahaja za kaskazini mwa Uingereza, chenye maana ya kukamata, kunasa. Kimeandikwa tangu mwanzo wa karne ya 18. Ukikiongezea "-er" ya mtendaji, unapata "copper", mkamataji, kama sisi tunavyotoa mkamataji kwenye kukamata. Maana ya polisi inaonekana kwenye maandishi mwaka 1846, miaka 17 baada ya jeshi la polisi la London kuundwa. "Cop" fupi, ile ya filamu za Kimarekani, imekatwa kutoka kwenye hii ndefu, na ndiyo maana inaonekana baadaye.

Hapo ndipo penye ushahidi. Kama jina lingetokana na shaba ya vifungo, kitenzi kisingetangulia nomino kwa zaidi ya miaka mia moja. Ipo pia hadithi kwamba "cop" ni herufi za kwanza za maneno "Constable On Patrol", yaani konstabo wa doria. Iacheni. Desturi ya kuunda maneno kutokana na herufi za kwanza haikuwa ya kawaida karne ya 19, na mtu akikuletea asili ya namna hiyo kwa neno la zamani, karibu kila mara ni ya kubuni.

Kitenzi "cop" chenyewe kamusi nyingi hukihusisha na caper ya Kifaransa cha zamani, ambayo nyuma yake kuna capere ya Kilatini, kukamata. Huweka "huenda" mbele yake, na ninyi muiweke vilevile.

Darasani, andikeni "polisi" tu. Ni neno la mtaani, halina heshima ya ofisi. Kwenye tafsiri ya hati ya mahakama lisitumike.

Mwana_Kampemba

Sasa mtu atajuaje ni copper gani? Nina maandishi ya kurasa nyingi, siwezi kusimama kila sentensi.

Mtafsiri_Kamalondo

Tazama sarufi kabla ya kutazama maana. Neno likisimama bila "a" na bila "s" ya wingi, ni madini au rangi: "copper is mined here". Likiwa na "a" mbele na baada yake kuna kitenzi cha kibinadamu kama kusema, kukimbia, kukamata, ni polisi. Likiwa na "s" ya wingi karibu na mfuko, chenji, kuomba au kuhesabu, ni sarafu ndogondogo. Likiwa na "the" katika maelezo ya jikoni au ya kufua nguo ya karne ya 19, ni sufuria kubwa iliyojengewa juu ya meko, ya kuchemshia nguo au maji. Hiyo ya mwisho huwapoteza wengi, kwa sababu katika nyumba nyingi sufuria yenyewe ilikuja kuwa ya chuma cha kawaida na bado ikaitwa "the copper".

Likitangulia nomino nyingine, kama "copper hair" au "copper sky", ni rangi. Usiandike "nywele za shaba" kama anayesoma hatapata picha. "Nywele nyekundu zinazong'aa" inatosha.

Kuna pia kipepeo aitwaye "copper" na nyoka aitwaye "copperhead"; kwa hao tafuta jina la kisayansi. "Copperhead" ya Marekani na "copperhead" ya Australia ni nyoka wa jamii mbili tofauti kabisa, walioitwa jina moja kwa rangi ya kichwa. Na kama maandishi yanahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, basi "Copperheads" ni wanasiasa wa Kaskazini waliopinga vita vile.

Papa_Katuba

Hiyo ya sarafu nataka ifafanuliwe. Kuna watu wanakusanya sarafu za Kiingereza wakiamini ni mukuba, wanaziuza kwa uzito.

Fundi_wa_Tanuru

Papa, wanaumia. Jina limebaki, madini yamebadilika mara mbili. Mwaka 1797 Matthew Boulton, mwenye kiwanda, alipiga peni za Uingereza kwa shaba halisi, kila moja aunsi nzima, karibu gramu 28. Tangu 1860 zikawa za mchanganyiko: shaba 95, bati 4, zinki 1 katika kila mia. Tangu 1992 peni moja na peni mbili ni chuma kilichopakwa shaba juu. Weka sumaku: ikinasa, ndani ni chuma. Nyingi za kabla ya 1992 hazinasi.

Senti ya Marekani ni shida nyingine, maana sumaku haitakusaidia. Ilibadilishwa katikati ya mwaka 1982, kutoka shaba asilimia 95 kwenda zinki asilimia 97.5 yenye ngozi ya shaba. Hapo tumia mizani: ya zamani ina gramu 3.11, mpya ina gramu 2.5. Ikikwaruzwa pembeni, mpya inaonyesha kijivu.

Kwa hiyo anayetafsiri "a few coppers" aandike "chenji kidogo", asitaje madini.

Mwanasheria_Golf

Kwangu tatizo liko upande wa Kiswahili. Mkataba wa Kiingereza unasema "copper" na aya inayofuata "brass". Tafsiri niliyopokea imeandika "shaba" mara zote mbili. Mahakamani hilo ni shimo.

Mtafsiri_Kamalondo

Ni shimo kweli, na linafaa kuzibwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, pale pa ufafanuzi wa maneno. "Copper" iandikwe shaba nyekundu, au mukuba kama wahusika wote ni wa hapa. "Brass" iandikwe shaba ya manjano, na uongeze "mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki". "Bronze" ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Baada ya hapo usitumie "shaba" tupu popote ndani ya mkataba.

Kiswahili hakina kosa la pekee hapa. Shaba limetoka kwenye Kiarabu shabah, ambalo ni jina la ile ya manjano, lenye mzizi wa kufanana, kwa kuwa inafanana na dhahabu. Nyekundu Waarabu huiita nuhas. Sisi tulichukua jina la manjano tukalitandaza juu ya zote, hata mkoa wetu mzima wa Katanga ukaitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, ilhali kilichokuwa ardhini ni nyekundu.

Waingereza nao walichanganya. Biblia yao ya 1611, Kumbukumbu la Torati 8:9, inasema kwamba katika milima ya nchi ile mtachimba "brass". Haichimbwi; ni mchanganyiko unaotengenezwa tanuruni. Wakati ule neno hilo lilibeba shaba ya kila aina. Tafsiri mpya zimesahihisha kuwa "copper". Kwa hiyo ukitafsiri maandishi ya Kiingereza ya kabla ya karne ya 18, usiamini "brass" bila kuangalia kama kitu kinachimbwa, kinayeyushwa au kinatengenezwa.

Na tahadhari kwa wapiga fanfari: Kifaransa husema les cuivres kwa tarumbeta na ndugu zake, Kiingereza husema "brass". Ukiandika "coppers" kwenye programu ya tamasha, msomaji Mwingereza ataona polisi jukwaani.

Mkulima_wa_Kipushi

Nafuatilia kwa makini. Kuna "copperas" kwenye orodha ya bidhaa za dawa za mashamba. Ni ileile sulfati ya shaba?

Fundi_wa_Tanuru

Hapana! Na hili ni la hatari kuliko yote yaliyosemwa humu. "Copperas" ni sulfati ya chuma, fuwele za kijani hafifu, hazina shaba ndani. Jina limetoka Kilatini cha zama za kati, wakati chumvi hizi zote za mgodini ziliwekwa kapu moja. Sulfati ya shaba ni ya buluu, na kwa Kiingereza cha zamani inaitwa "bluestone" au "blue vitriol".

Kwa buyi bordeleze, dawa ya ukungu ya shaba na chokaa, ya asilimia moja unahitaji kilo 1 ya sulfati ya shaba ya buluu, kilo 1 ya chokaa iliyozimwa na lita 100 za maji. Yeyusha sulfati peke yake kwenye chombo cha plastiki au cha mti, kamwe si ndoo ya chuma, kwa sababu itakula ndoo na shaba itaganda ukutani mwa chombo. Koroga chokaa pembeni, kisha mimina sulfati ndani ya maziwa ya chokaa, tumia siku hiyohiyo. Kabla ya kupulizia, chovya kisu cha chuma safi dakika chache: kikitoka na utando mwekundu, chokaa haijatosha, na majani yataungua. Ukitumia "copperas" badala yake, ukungu wa nyanya utaendelea kana kwamba hukupulizia kitu.

Yaya_Ruashi

Na majina ya watu? Cooper ni mfua shaba?

Mtafsiri_Kamalondo

Si ukoo wake. Cooper ni fundi wa mapipa ya mbao, kutoka neno la Kiholanzi cha kati la pipa. Mfua shaba ni "coppersmith". Vilevile "coppice", msitu unaokatwa ili uchipue tena, limetoka Kifaransa cha zamani, mzizi wa kukata. Lakini "nickel" lina uhusiano usiotarajiwa: wachimbaji wa Ujerumani waliona mawe mekundu kama ya shaba, wakayeyusha, shaba haikutoka, wakayaita Kupfernickel, wakimlaumu pepo Nickel. Mkemia Cronstedt alitoa madini mapya ndani yake mwaka 1751, sehemu ya shaba ya jina ikakatwa, pepo akabaki. "Cobalt" nayo ni Kobold, pepo wa mgodini, kwa sababu mawe yale yalitoa moshi wa arseniki uliowadhuru. Mkemia Brandt aliitenga kobalti katika miaka ya 1730.

Mwana_Kampemba

Hati yangu ina "a copper-bottomed guarantee". Dhamana yenye kitako cha shaba?

Fundi_wa_Tanuru

Andika "dhamana isiyotikisika". Imetoka kwenye merikebu. Minyoo wa baharini walitoboa mbao za chini, na magugu na konokono waliganda wakapunguza mwendo. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilivisha merikebu Alarm mabati ya shaba chini ya maji. Minyoo walizuiwa, lakini iliporudi kutoka Karibi na kukaguliwa, misumari ya chuma ilikuwa imelika vibaya. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Mahali ambapo karatasi ya kufungia mabati ilibaki katikati ya shaba na chuma, chuma kilikuwa kizima. Baadaye walibadilisha hata misumari na boliti kuwa za shaba iliyochanganywa, na hapo ndipo merikebu yenye kitako cha shaba ikawa ya kuaminiwa.

Mafundi bomba wa hapa wajue ni kanuni ileile: ukiunga bomba la kwivre moja kwa moja na la chuma, kiungo kitaoza upande wa chuma. Weka kiungo cha kutenganisha.

Mwanasheria_Golf

Swali la mwisho upande wangu. Kwenye mafaili ya zamani ya enzi ya Wabelgiji kuna kurasa za Kiflamandi zenye "koper". Karani ameandika "shaba" kila mahali, na sentensi nyingine hazisomeki.

Mtafsiri_Kamalondo

Kwa sababu "koper" ya Kiholanzi ni maneno mawili yanayoandikwa sawa. Moja ni shaba, la ukoo wa cuprum. La pili ni mnunuzi, kutoka kopen, kununua. Ukiona "verkoper" karibu, huyo ni muuzaji, basi "koper" ni mnunuzi. Ukiona tani, asilimia au bei ya kilo baada yake, ni madini. Rejesta makini huandika "roodkoper" kwa nyekundu na "geelkoper" kwa ile ya manjano. Hizo hazina utata. Wingi nao unasaidia: "kopers" ni wanunuzi, maana shaba haihesabiwi. Mwambie karani aanze na kurasa zenye saini mbili chini, kwani humo "koper" ya kwanza huwa ni mtu.